Mstari Mmoja na Sahihi Pembeni

Kitabu hakikuwepo.

Kabati la chuma lilikuwa limefungwa kama kawaida. Kufuli halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kwenye rafu ya juu, mahali ambapo kitabu cha kumbukumbu za bodi kilikuwa kimelala kwa miaka sita, palibaki umbo la mstatili lisilo na vumbi.

Inspekta hakujaliwa urefu. Alivuta kiti, akapanda, akachungulia ile rafu huku meneja wa chama akikishikilia kiti kwa mikono miwili.

"Nani aligundua?" aliuliza kutoka huko juu.

"Mimi," alijibu Katibu, aliyesimama mlangoni. "Leo Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Nilikuja kunakili yatokanayo, yale mambo ya kikao kilichopita yaliyobaki kiporo."

"Uligusa nini?"

"Kifua changu tu."

Katibu alikuwa karani mstaafu wa posta, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati: moja ya kuandikia, nyingine ya akiba endapo ya kwanza ingemwaibisha. Inspekta alimpenda mzee huyu. Karibu mtaa mzima ulimpenda, hata wale waliochoka kusahihishwa tarehe zao. Ndiyo maana Inspekta alishangaa kidogo asubuhi ile, alipokuwa anaingia chumba cha mikutano, mzee alipoanza kusema, "Kabla hujaingia, sai..." halafu akalimeza neno lenyewe. Inspekta alidhani ni mshtuko, akapita.

Chama chenyewe kilikuwa cha akiba na mikopo, cha watu wa kawaida: wauza nguo, walimu, madereva, mafundi, na askari kadhaa akiwemo Inspekta. Meneja, mwanamke kijana mwenye haraka, aliajiriwa. Bodi ya watu saba iliyokuwa juu yake ilikuwa ya kujitolea. Walichaguliwa na wenzao, wakakutana kila mwezi baada ya kazi zao, na malipo yao yalikuwa chai na lawama. Kati ya hayo mawili, chai ndiyo iliyowahi kuisha.

Inspekta alishuka kwenye kiti. "Kitabu hicho kina nini cha kuibiwa?"

"Kina kila kilichosemwa," alisema Meneja. "Jumamosi ni mkutano mkuu. Tumekuwa na mkufunzi wa bodi tangu mwezi uliopita. Anasema bodi nzuri huijui kwa kukubaliana kwake, unaijua kwa maswali yake. Anataka kusoma kitabu, ahesabu kila mjumbe ameuliza maswali mangapi tangu achaguliwe, halafu atoe tathmini mbele ya wanachama."

"Na ambaye hajauliza?"

"Atatajwa. Kwa upole, anasema."

"Upole gani huo mbele ya watu mia mbili?"

Meneja alikirudisha kile kiti mezani.

"Na kitabu kisipopatikana?"

Katibu alijikohoza. "Kanuni ya kumi na nne. Katibu aliyepoteza kitabu anajiuzulu kabla ya mkutano mkuu, na jina lake halirudi kwenye uchaguzi. Niliiandika mwenyewe."

"Mzee, uliandika kanuni ya kujifukuza?"

"Nilikuwa namfikiria mtu mwingine," alisema Katibu kwa unyonge.

Funguo za ofisi na za kabati zilikuwa kwa watu watatu: Katibu, Meneja na Mwenyekiti. Lakini mwezi uliopita kufuli lilikwama, na mjumbe mmoja wa bodi, fundi seremala, akalitengeneza bure pamoja na kitasa cha mlango. Mtu aliyeshika kufuli siku nzima anaweza kuchonga ufunguo wa nne. Mtaalamu wa alama za vidole alikuja na unga wake na brashi yake, akapata alama za hao wanne wote, yaani alipata watu wote waliokuwa na haki ya kuligusa kabati. Alifunga begi lake na kuondoka akiwa amenuna.

Mwenyekiti alifika saa nne. Alikuwa muuguzi mstaafu, mnene wa wastani, mwenye sauti ya wodini inayofika kitanda cha mwisho bila kupandishwa. Alikuwa pia shangazi yake Inspekta, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba. Mkuu wa kituo alilijua hilo na bado akamtuma. "Kesi ya kitabu hiyo," alikuwa amesema. "Hata ukimkamata bibi yako, utamrudisha nyumbani kabla ya chakula cha mchana."

"Jana ulikuwa wapi, Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti nani? Mimi niliyekuogesha?"

"Jana ulikuwa wapi, Shangazi?"

"Huku na kule."

Inspekta aliandika "huku na kule" kwenye kijitabu chake. Shangazi mwenyewe alikuwa mtu wa kukwambia alipoinjika chai na alipoiepua, kwa dakika.

"Ni lazima kweli Katibu ajiuzulu?" Shangazi aliuliza, akiwa ameshashika mkoba wake kuondoka.

"Kanuni ndivyo inavyosema."

"Kanuni." Alilisema neno hilo polepole, akatoka bila kumwuliza mpwawe kama amekula. Hilo nalo halikuwa la kawaida, lakini Inspekta aliliweka kwenye huzuni ya siku ile.

Alhamisi asubuhi Inspekta alikwenda karakana ya Fundi. Palinukia gundi na mbao mbichi. Fundi alikuwa mtu wa mabega mapana, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope, na watu walimwita Kimya kwa sababu hawakupata jina jingine la kumfaa. Viti vyote saba vya bodi alivitengeneza yeye, na miguu ya meza aliisawazisha yeye, ile iliyokuwa ikicheza hadi chai ikawa inamwagika kwenye ajenda.

"Ulitengeneza kufuli la kabati?"

"Ndiyo."

"Ulichonga ufunguo wa nne?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Umekaa kwenye bodi miaka mingapi?"

"Sita."

"Kitabu kikisomwa Jumamosi, wewe ndiwe utakayeonekana huulizi. Hilo unalijua?"

"Ndiyo."

"Huogopi?"

Fundi alifikiri. "Kilichoandikwa ni kweli," alisema.

"Miaka sita, hata swali moja?"

"Moja."

"Lipi?"

Fundi alichukua futi yake ya chuma, akainamia ubao uliokuwa mezani. "Lilikuwa nje ya ajenda," alisema, na ikawa dhahiri kwamba mlango huo umefungwa.

Inspekta alibaki akimtazama. Moyo wake haukutaka awe huyu, lakini moyo si ushahidi. Sababu alikuwa nayo, nafasi alikuwa nayo. Fundi alipima, akaandika themanini na nne kwa penseli, akapima tena, akaguna. Hakuifuta ile namba. Aliikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika themanini na sita juu yake, halafu pembeni akaweka herufi mbili za jina lake.

"Mbona husugui tu kwa kidole?" Inspekta aliuliza. "Ubao huo unaenda kuwa kabati la jikoni."

Fundi aliutazama ubao kama aliyeamshwa. Akacheka kidogo, na kicheko chake kilikuwa kizuri. "Mwenyekiti alitufundisha. Kwenye vitabu vya chama kosa halifichwi. Hakuna kusugua, hakuna wino mweupe. Mstari mmoja, sahihi pembeni." Kwake hiyo ilikuwa hotuba. "Siku hizi mkono unafanya wenyewe."

"Kila mjumbe yuko hivyo?"

"Kila mmoja. Na kusaini mahudhurio vilevile. Ukiingia, unasaini. Juzi nilisaini daftari la zahanati. Sikuwa mgonjwa. Nilipeleka benchi."

Inspekta alianza kucheka, kisha akaacha katikati. *Kabla hujaingia, sai...*

Aliondoka karakana akiwa na vumbi la mbao kwenye suruali, wala hakujipangusa.

Katibu alikuwa ofisini, ameketi mwenyewe kwenye ile meza ndefu, akiandika barua ya kujiuzulu kwa mwandiko safi ajabu. Alikuwa amefika aya ya tatu.

"Mzee, jana mlangoni ulitaka kuniambia nini?"

"Lini?"

"Ulisema, 'Kabla hujaingia, sai...'"

Kalamu ilisimama. "Saini," alisema Katibu. "Kila anayeingia chumba hiki anasaini daftari la mahudhurio. Hata awe mgeni. Hata awe askari."

"Na mbona hukumalizia?"

Mzee alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Ilikuwa safi hata kabla hajaifuta.

"Daftari liko wapi?"

"Mahali pake. Kwenye droo."

"Naomba nilione."

"Ukilifungua itabidi usaini."

"Nitasaini, mzee."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sahihi saba za kikao kilichopita. Chini yake palikuwa na mstari mwingine. *Jumanne, saa kumi na moja jioni.* Na sahihi moja, kubwa, ya mviringo, yenye mkia mrefu. Tarehe na sahihi vilikuwa vimekatwa kwa mstari mmoja uliopigwa kwa rula, na pembeni pakawekwa herufi mbili ndogo kuthibitisha kosa.

Inspekta hakuhitaji mtaalamu wa maandishi. Sahihi ile ilikuwa kwenye ripoti zake zote za shule, kila muhula, pamoja na ile ya hisabati aliyoificha chini ya godoro.

"Umeliona hili lini?"

"Jumatano. Saa mbili na dakika kumi na mbili."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliuliza kuhusu kitabu. Kuhusu daftari hukuuliza."

"Mzee!"

"Mwanangu, nisikilize." Katibu aliishusha kalamu. "Kabla shangazi yako hajachaguliwa, tulikuwa tunachelewa saa nzima. Tunakuja kunywa chai, tunasema ndiyo, tunaondoka. Yeye ndiye aliyetufundisha kusoma makaratasi nyumbani kabla ya kikao. Ndiye aliyetwambia kiti cha kujitolea nacho ni kazi. Katibu mwingine atapatikana hata kesho. Nikajiambia, mama yule akichukua kitu, ana sababu."

"Ungeondoka na jina la mtu aliyepoteza kitabu?"

"Ningekuwa najua mwenyewe kwamba sikukipoteza." Aliisukuma kalamu upande wa Inspekta. "Saini hapo. Andika mwalikwa."

Inspekta alisaini.

Ijumaa asubuhi alimkuta Shangazi chumbani, anakunja mashuka. Aliyakunja kama alivyokuwa akiyakunja hospitalini, pembe kwa pembe, na mlima wa mashuka yaliyokunjwa ulikuwa kitandani tayari. Alimtazama mpwawe kuanzia viatu hadi kofia.

"Umekuja kama nani?"

"Kama Inspekta."

"Basi Inspekta ashike huku."

Alishika ncha mbili za shuka, kama alivyoshika alipokuwa mtoto. Wakarudi nyuma, wakalinyoosha.

"Jumanne saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi?"

Walisogeleana, wakakutanisha ncha. Vidole vya Shangazi vilikuwa vya baridi.

"Umeona daftari," alisema.

"Nimeliona."

"Nilisaini kabla hata sijagusa kabati." Alipiga shuka kofi kulinyoosha. "Mkono huu! Nikasema nichane ule ukurasa. Lakini una sahihi za wenzangu, nitauchanaje? Nikakata kosa langu, nikaweka sahihi."

"Kwa rula."

"Ulitaka nikate ovyo?"

Inspekta alitaka kucheka na alitaka kulia, akachagua kazi. "Kwa nini ulichukua kitabu?"

Shangazi alilikumbatia shuka kifuani. Alipoanza, haikuwa sauti ya wodini.

"Mkufunzi alitupa kazi ya nyumbani. Kila mjumbe ahesabu maswali yake. Jumatatu Meneja aliniletea kitabu ofisini kwake, yangu nikayamaliza, nikaona nihesabu na ya wenzangu. Nikamfikia Fundi. Miaka sita, swali moja. Kikao chake cha kwanza, ukurasa wa tatu."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza, mwanachama asiyejua kusoma, fomu anasomewa na nani? Mimi nikamwambia hilo liko nje ya ajenda. Ingekuwa ni hilo tu, nisingejali. Lakini nikaongeza, 'Fundi, hapa tunachonga sera, hatuchongi vitanda.' Na Katibu, Mungu amweke, ameandika yote. 'Wajumbe walicheka.' Hata kicheko ameandika."

"Ulikuwa mzaha tu, Shangazi."

"Ulikuwa mzaha kwangu. Nimesoma kile kitabu chote, baba. Maswali yote ya miaka sita. Hakuna zuri kuliko lile. Na mtu mwenyewe hakufungua mdomo tena. Anakuja kila mwezi, anasaini, anatengeneza viti tunavyokalia, anarudi kwake. Mimi nikawa najisifu kwamba nimejenga bodi."

Inspekta alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kwa hiyo ukakiiba."

"Nilikiazima."

"Shangazi."

"Nikakiiba," alisema. "Niliogopa watu mia mbili wamcheke mara ya pili. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine nilijionea aibu mwenyewe, sikutaka msome. Nilipanga kukirudisha Jumapili."

"Na Katibu?"

Hapo Shangazi alilia. Hakulia kwa sauti, machozi yalianguka tu kwenye shuka safi.

"Kanuni ya kumi na nne niliisahau kabisa. Nilipoisikia ile Jumatano, nikasema nitaongea. Dakika ikapita, nyingine ikapita. Ukishakaa kimya kidogo, kimya kinakuwa kizito, huwezi kukinyanyua peke yako. Nilitoka pale nikamwelewa Fundi."

Inspekta alimshika mkono, na kwa muda hakuna aliyekuwa Inspekta mle chumbani. Kisha Shangazi alijifuta, akaondoa mashuka manne ya juu. Kitabu kilikuwa chini yake, kimefungwa kwenye taulo jeupe, bila hata ukurasa uliokunjwa.

"Itabidi niandike maelezo yako."

"Andika. Na ukikosea, usifute."

"Najua, Shangazi. Mstari mmoja."

Kikao cha dharura kilikaa siku hiyohiyo, saa kumi alasiri. Wajumbe wote saba walisaini, na akidi ikatimia. Meneja alikaa pembeni, Inspekta akakaa karibu na mlango kama mwalikwa. Kitabu kilikuwa katikati ya meza. Hakuna aliyethubutu kukigusa isipokuwa Katibu, aliyekisogeza kidogo kilingane na ukingo.

Shangazi alisimama. Hakujitetea. Alisema alichochukua, siku, saa, na sababu. Alifungua ukurasa wa tatu, akausoma mpaka kwenye kicheko, na alipofika hapo sauti ikamkatika, akarudia mstari ule hadi ukatoka vizuri.

"Fundi, nisamehe," alisema. "Katibu, nisamehe. Na kwa kuwa nimevunja amana ya chama, natoa kiti."

Meneja alisema ofisi inaondoa malalamiko polisi. Wajumbe walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake, maana kwa miaka sita mambo ya bodi hii yalipita kwa kauli moja na hakuna aliyejua yanapitaje vingine.

Ndipo mkono ukainuka mwisho wa meza. Ulikuwa mpana, na ulikuwa na gundi kwenye kucha.

Katibu alidondosha kalamu. Ilibingirika hadi chini, ikavunjika ncha. Alichomoa ile ya akiba.

"Fundi?" alisema Shangazi.

"Napinga," alisema Fundi.

"Unapinga nini?"

"Kutoa kiti." Alitafuta maneno yanayofuata, na hakuna aliyemharakisha. "Ubao ukikatwa vibaya hautupwi wote. Kesho usome ule ukurasa wewe mwenyewe, mbele ya wanachama. Usimwachie mkufunzi. Ulikate kosa, uweke sahihi. Halafu ukae, tufanye kazi."

Mikono mitano mingine ikainuka bila kuulizwa. Shangazi akaketi.

"Na swali langu," Fundi aliendelea. Uso ulikuwa umemwiva, lakini hakushusha mkono. "Bado nauliza. Mwanachama asiyejua kusoma, fomu anasomewa na nani?"

Hakuna aliyecheka. Meneja alifungua mdomo, akaufunga, kwa sababu fomu zilikuwa kazi yake na hakujua.

Katibu alikohoa kwa heshima. "Mwenyekiti, hili niliandike wapi? Haliko kwenye ajenda."

Shangazi alimtazama Fundi, macho yakiwa bado yamelowa.

"Liandike kwenye yatokanayo."

"Yatokanayo na kikao kipi?"

"Kile cha kwanza cha Fundi. Miaka sita iliyopita, ukurasa wa tatu. Andika kwamba Mwenyekiti hana jibu, na anamwomba Fundi aendelee."

Katibu akaandika.

Na Fundi akaendelea.